Seattle na asilimia yake moja: sanaa ya jiji inalipiwa na nani, na fundi wa chuma aingilie mlango gani

Swali: Mimi ni fundi wa kuchomelea, mwenyeji wa Tanga, sasa naishi Kent, kusini mwa Seattle. Huku kila nikipita naona sanaa: stesheni za treni, viwanja, maktaba, hata mifuniko ya chemba za barabarani ina michoro. Jiji linatoa wapi pesa za mambo haya wakati watu wanalala kwenye mahema chini ya madaraja? Anayechagua ni nani? Nyumbani nilikuwa naunda sanamu za wanyama kwa vyuma chakavu. Mtu kama mimi ana nafasi, au ni mambo ya kujuana?

Jibu:

Kaka, umeuliza maswali matatu kwa mkupuo, na lile la mahema ndilo ambalo watu wa fani yangu hupenda kulipita kimyakimya. Nianze na pesa. Ukishajua zinatoka mfuko gani utaelewa kwa nini sanaa nyingi iko stesheni na si mtaani kwako, na kwa nini maombi yanaandikwa kwa namna yanavyoandikwa.

Mwaka 1973 madiwani wa Seattle walipitisha sheria ndogo: kwenye miradi ya ujenzi ya jiji inayostahili, asilimia 1 ya gharama itengwe kwa ajili ya sanaa. King County, ambayo Seattle na Kent zote zimo ndani yake, ilichukua hatua kama hiyo mwaka huohuo. Jimbo la Washington likafuata mwaka 1974 kwa nusu asilimia kwenye majengo yake. Kampuni ya umma ya treni unazopanda, Sound Transit, nayo hutenga asilimia 1 ya gharama za ujenzi, ila haihesabu uchimbaji wa mahandaki. Wazo lenyewe ni la Philadelphia. Huko mwaka 1959 mamlaka iliyosimamia kujengwa upya kwa maeneo yaliyochakaa ilianza kuwabana wajenzi waliopewa ardhi yake watumie angalau asilimia 1 ya bajeti kwa kazi za sanaa, na jiji likaweka sharti kama hilo kwa majengo yake lenyewe. Ule mbano wa kuanikia nguo, sanamu ya msanii Claes Oldenburg, unaosimama mbele ya ghorofa katikati ya Philadelphia tangu 1976, wenye urefu wa karibu mita 14, umetokana na sharti hilo. Watu huuona wakadhani meya alikuwa na mzaha.

Wewe umetoka Tanzania, kwa hiyo tutumie lugha ya bajeti uliyoikuta kwenye taarifa ya habari kila Juni: kuna matumizi ya kawaida na kuna bajeti ya maendeleo. Mishahara, dawa, kulisha watu na kuwalipia vyumba vya muda ni matumizi ya kawaida. Bomba la maji, kituo cha zimamoto, maktaba na barabara ni maendeleo. Asilimia 1 ya sanaa imebandikwa upande wa maendeleo, na sehemu kubwa ya pesa za upande huo huwa za mkopo, jiji likiuza hatifungani, au zinatoka kwenye bili za maji na umeme. Ukifuta sanaa kesho, ile asilimia 1 ya mradi wa bomba itarudi kwenye bomba. Haitampangia chumba mtu wa kwenye hema.

Hilo ni jibu la kihasibu, na ni sahihi, lakini sipendi linapotumika kumnyamazisha anayeuliza. Madiwani ndio wanaoamua jiji lijenge nini na lisijenge nini. Mtu akisema nyumba za bei nafuu zitangulie maktaba mpya, hoja yake ni halali kabisa. Ila apige kelele penye uamuzi mkubwa wa ujenzi, maana kuing'ang'ania asilimia 1 ya mradi kutamwachia asilimia 99 zikiwa palepale.

Kuna kesi moja inayoonyesha jinsi kamba ya pesa hizi ilivyo fupi. Wateja wa shirika la umeme la jiji, Seattle City Light, walienda mahakamani wakidai bili zao zisitumike kununua sanaa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya jimbo ilisema shirika la umeme linaweza kulipia sanaa, mradi pawe na uhusiano wa karibu kati ya sanaa hiyo na kazi ya kuwapatia wateja umeme. Kwa maneno mengine, pesa ya umeme haiwezi kutangatanga. Haikubaliki kuchota kwenye bili za umeme ukapamba ofisi ya idara nyingine isiyohusika. Kwa hiyo unapoona kazi nzuri ya sanaa imekaa kwenye uzio wa kituo cha kupoza umeme, mahali asipopita mtalii hata mmoja, usidhani kamati ililewa. Pesa ndiyo iliyochagua mahali, na msanii alichagua la kufanya akishafika pale.

Na kwako wewe, hapo ndipo pana habari ya kufurahisha zaidi kuliko zote nitakazokupa. Kaskazini mwa Seattle kuna kituo cha kupoza umeme kinaitwa Viewland-Hoffman, kilichokamilika mwaka 1979. Jiji lilijaribu jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni: wasanii watatu, Andrew Keating, Sherry Markovitz na Buster Simpson, waliingizwa kwenye timu ya usanifu tangu mwanzo, wakakaa meza moja na wasanifu majengo badala ya kuletwa mwishoni wapewe kona ya kuweka sanamu. Ndani ya eneo lile wakaweka vinu vya upepo vilivyotengenezwa na mzee Emil Gehrke na mkewe Veva, watu wa mashariki mwa jimbo, kwa vyombo vya jikoni na takataka za chuma zilizotupwa. Vyuma chakavu, kaka. Vilinunuliwa kwa pesa ya umma na kuwekwa penye nyaya za umeme, na upepo ukija vinazunguka. Mtindo wa kumweka msanii kwenye timu ya usanifu ulienea miji mingi ya Marekani baada ya hapo, na Seattle bado inajivunia.

Asilimia 1 si mfuko pekee. Seattle hutoza kodi ya asilimia 5 kwenye tiketi za viingilio, na kodi hiyo ndiyo inayoiendesha ofisi ya sanaa ya jiji pamoja na ruzuku zake. Kaunti ina shirika lake la utamaduni, 4Culture, nalo liweke kwenye orodha yako kwa sababu Kent imo ndani ya King County, ingawa si sehemu ya jiji la Seattle. Kuna pia wafadhili binafsi. Lile jitu jeusi lenye nyundo mbele ya jumba la makumbusho ya sanaa katikati ya Seattle, kazi ya Jonathan Borofsky yenye urefu wa zaidi ya mita 14, lililipiwa kwa mchanganyiko wa pesa za umma na za watu binafsi. Lilipokuwa linasimikwa mwaka 1991 lilianguka likaharibika, likarudi mwaka uliofuata. Kila unapoandika bajeti ya kreni na kamba, likumbuke.

Pesa za wafadhili zina uhuru ambao pesa ya umma haina, na hatari zake pia. Chicago walipotaka sanamu ya msanii Anish Kapoor kwa ajili ya bustani yao ya Millennium Park, ile inayoitwa na wenyeji kwa jina la haragwe, makisio ya mwanzo yalikuwa dola milioni 6. Ilipokamilika mwaka 2006 ilikuwa imefika milioni 23. Wafadhili walilipa. Kwa asilimia 1 mchezo huo hauwezekani: bajeti ikisema 60,000 ni 60,000, na inayozidi inatoka mfukoni mwako.

Sasa anayechagua. Si meya, na si mkuu wa ofisi ya sanaa peke yake. Kila mradi huundiwa kamati ya uteuzi, kwa kawaida watu wasiozidi saba: wasanii wawili au watatu, mtu wa makumbusho au mwalimu wa sanaa, mkazi wa eneo hilo, mwakilishi wa idara inayojenga, pengine msanifu wa jengo. Wajumbe hutakiwa kutangaza kama wana uhusiano na mwombaji, na mwenye uhusiano anakaa pembeni. Wanachokiamua kinapitia kamati ya ushauri, kisha ofisi inatia saini.

Wito, yaani tangazo la kuwaalika wasanii waombe kazi, unaweza kuja kwa sura mbili, na ukizichanganya utapoteza muda. Wa kwanza unaomba sifa tu: wasifu, picha za kazi ulizokwisha kufanya, na barua fupi ya kwa nini mradi huu unakuvutia. Huo hautaki wazo, na ukituma mchoro wa sanamu utaonekana hukusoma. Wa pili unaomba pendekezo kamili. Siku hizi miji mingi hutumia ule wa kwanza, kisha inateua watu watatu au wanne na kuwalipa waandae mapendekezo au waje kwenye usaili. Kama mji unataka pendekezo kamili kutoka kwa kila mwombaji bila malipo, mimi huwashauri wasanii wapite mbali. Huko ni kukusanya mawazo ya bure.

Nimekaa kwenye kamati hizi, na nitakuambia jambo ambalo halimo kwenye tangazo. Raundi ya kwanza ni ya haraka mno. Picha zinaonyeshwa ukutani, waombaji ni wengi, kila mmoja anapata dakika chache, na mjumbe anapiga alama. Barua yako haisomwi kwa sauti. Picha mbaya ya kazi nzuri inashindwa na picha nzuri ya kazi ya kawaida, kila mara. Kuhusu kujuana, upo, lakini si ule unaouogopa. Kinachowabeba wale wale kila mwaka ni kwamba wana picha za kazi za umma walizokwisha kukabidhi, na kamati inaogopa kumpa kazi ya mamia ya maelfu ya dola mtu ambaye hajawahi kusimika kitu nje. Anayeanza anakwama hapo: hupewi kazi kwa sababu hujawahi kupewa kazi. Nitarudi huko.

Kamati pia hukosea, tena ikifuata taratibu zote. Mfano unaofundishwa kila mahali ni wa New York. Serikali ya shirikisho ilimwagiza mchongaji Richard Serra kazi ya uwanja wa jengo lake Manhattan, akaweka mwaka 1981 ukuta wa chuma uliopinda, urefu karibu mita 37 na kimo zaidi ya mita 3 na nusu, ukaukata uwanja katikati. Ulikuwa umechaguliwa na wataalamu kihalali. Wafanyakazi waliopaswa kuuzunguka kila siku wakienda kazini waliuchukia. Kikao cha mwaka 1985 kilisikiliza watu 180, na 122 kati yao walitaka ubaki, lakini jopo likapiga kura 4 kwa 1 uondolewe. Ukakatwa na kuondolewa usiku mwaka 1989. Tangu hapo ni vigumu kukuta kamati isiyo na mkazi wa eneo au mtumiaji wa jengo.

Hatua nyingine usiyopaswa kuiona ni urasimu mtupu ni ya mfano mdogo, ule unaoutengeneza na kuuonyesha kabla ya kuanza sanamu yenyewe. Nadhani uliona zile picha za sanamu za wanariadha za Eldoret, Agosti 2024, zilizochekwa mitandaoni hadi zikaondolewa, siku chache kabla mji ule haujatangazwa kuwa jiji. Sura ikikosewa kwenye udongo wa mfano inarekebishwa kwa kidole. Ikikosewa kwenye sanamu iliyokwisha simikwa, linaitwa greda.

Tuseme umeteuliwa, na wito ulisema dola 60,000. Hizo si ujira wako. Hizo ni za kila kitu, kuanzia mchoro wa kwanza hadi siku unapokabidhi. Ujira wa msanii kwa kawaida huwa kati ya asilimia 15 na 20, kwa hiyo hesabu 9,000 hadi 12,000. Weka pembeni asilimia 10, yaani 6,000, kwa yasiyotarajiwa, na usiiguse. Kinachobaki kinagawanywa kwa mhandisi atakayepiga muhuri kwamba sanamu haitamwangukia mtoto, bima, msingi wa zege, chuma chenyewe, kusafisha chuma kwa kukipiga mchanga, rangi, lori, kreni, vibali, kodi. Na kwa kuwa ni kazi ya umma, ukiajiri watu wa kusimika huenda ukatakiwa kuwalipa viwango vya mishahara vilivyowekwa na jimbo, ambavyo si vile vya kuelewana na rafiki siku ya Jumamosi. Uliza mapema. Nimeona msanii aliyepanga bajeti nzuri ikaliwa na kipengele hicho kimoja.

Malipo huja kwa awamu: ukisaini, mchoro wa mwisho ukikubaliwa, kazi ikifika nusu karakanani, ikisimikwa, na ikipokelewa rasmi. Kati ya awamu na awamu chuma unanunua wewe. Wasanii wasio na akiba huangukia hapa, na hakuna ubaya kuomba, kabla hujasaini, awamu ya kwanza ya utengenezaji iwe kubwa. Miji mingine inakubali, kwa sababu inajua.

Mkataba usome vifungu viwili kwa makini. Kimoja ni cha haki zako. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 inampa msanii wa sanaa za kuonekana haki ya kuzuia kazi yake isiharibiwe kwa namna fulani, hata kama si mali yake tena. Si maandishi ya kupamba: huko Queens, New York, mwenye majengo alipaka rangi nyeupe juu ya michoro ya ukutani mwaka 2013, na mwaka 2018 mahakama ikawapa wasanii 21 dola milioni 6.75. Baada ya hapo wanasheria wa miji wamekuwa waangalifu zaidi, na utakuta kifungu kinachokutaka uziachie haki hizo zote. Sisemi ukatae na kupoteza kazi. Omba angalau kijumuishwe kwamba jiji litakuarifu kabla ya kuiondoa, na upewe nafasi ya kuichukua.

Kingine ni cha matunzo. Seattle ina kazi zaidi ya 400 zilizosimikwa na karibu 3,000 za kuhamishika, zile zinazotundikwa kwenye ofisi, na zote zinataka mtu wa kuzifuta vumbi, kuzipaka rangi, kubadilisha taa. Pesa za kujenga hupatikana kwa shangwe na utepe. Za kutunza zinapiganiwa kila mwaka, na kwa maoni yangu hapa ndipo mfumo mzima wa asilimia 1 ulipo dhaifu zaidi. Kwa hiyo kamati inapenda msanii anayejua kitu chake kitafanya nini kwenye mvua baada ya miaka 20. Wewe ni mtu wa chuma. Jua maji yatatuama wapi, acha matundu ya kuyatoa, usigusanishe metali zinazolana, andika rangi uliyotumia na namna ya kuirudishia. Ukiweza kueleza hayo kwenye usaili kwa sentensi chache, utawashinda watu wenye shahada za sanaa ambao hawajui kutu inaanzia wapi.

Sasa mlango wa kuingilia. Kuna miwili, na ningekushauri uipite yote kwa wakati mmoja.

Wasanii wengi wanaoshinda zabuni kubwa hawachomelei wenyewe. Wanachora, kisha wanatafuta karakana. Huko fundi mwenye vyeti na mkono safi ana thamani leo hii, bila kusubiri kamati. Utalipwa, utajifunza mhandisi anataka michoro ya namna gani, na utaona siku ya kreni kwa macho yako. Kubaliana kwa maandishi kwamba unaruhusiwa kutumia picha za kazi hiyo, ukitaja wewe umefanya nini na msanii ni nani. Hapo ule mkwamo wa kutokuwa na uzoefu unaanza kulegea.

Mlango wa pili ni wa jina lako. Ofisi ya sanaa ya Seattle imewahi kuendesha mafunzo ya wasanii wanaoingia kwenye sanaa za umma kwa mara ya kwanza, na hutengeneza orodha za wasanii waliokwisha kupitishwa, ambamo idara huchagua watu wa miradi midogo bila kutangaza upya. Kuwa kwenye orodha hiyo kunakufaa kuliko kuomba mradi mmoja mkubwa. Jiandikishe kupokea matangazo ya ofisi hiyo na ya 4Culture, halafu fungua akaunti kwenye mfumo wa CaFÉ, ambako miji mingi ya Marekani huweka wito zake, na usome masharti ya makazi kabla ya kujaza chochote: wito mwingine ni wa wakazi wa jiji tu, mwingine wa kaunti, mwingine wa nchi nzima. Anza na kazi ndogo: rafu ya baiskeli, uzio wa bustani ya mtaa, lango la shule, masanduku ya mitambo ya taa za barabarani. Hata ile mifuniko ya chemba uliyoitaja ilikuwa kazi ya aina hiyo. Miaka ya 1970 Anne Knight alichora ramani ya katikati ya jiji kwenye mfuniko, na Nathan Jackson, msanii wa kabila la Tlingit, akachora nyangumi. Watu wanaikanyaga hadi leo.

Kwenye picha zako, wale wanyama wa Tanga waingie. Piga picha upya kama bado wapo, au mwombe mtu aliyeko nyumbani akupigie asubuhi jua likiwa bado chini, ukuta nyuma uwe mtupu, na mtu mzima asimame kando ili kimo kionekane. Mmoja kwa picha moja. Chini yake andika ukubwa, mwaka, vyuma vimetoka wapi, na vilikaa nje muda gani bila kuanguka.